Sabuni ya kunyolea ndevu: kuipika, kuikausha na kuitumia

Sabuni ya kuogea kazi yake ni kuondoa uchafu kisha isuuzwe iende zake. Sabuni ya kunyolea kazi yake ni kushika maji na kuyakalisha usoni kwa dakika tano au zaidi, ili ndevu zilainike na wembe upate pa kuteleza. Ndiyo maana kipande cha sabuni ya kuogea, hata kiwe kizuri namna gani, hutoa povu jepesi linalokauka shavuni kabla upande mmoja haujaisha. Mtu akichukua vipimo vya sabuni ya kuogea, akaongeza gliserini kidogo akidhani amepata ya kunyolea, atakuwa amepoteza mafuta yake bure. Tofauti inaanzia kwenye mafuta yenyewe na kwenye kostiki, ile alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Kwa nini mafuta haya, na kwa nini kostiki mbili

Nusu ya mafuta ya sabuni hii ni asidi ya steariki, ile inayouzwa kwa punje au vipande vyeupe vinavyofanana na nta, na ambayo hutumika pia kwenye mishumaa na krimu za ngozi. Sabuni ya steariki hutoa mapovu madogo mno, yaliyoshikana, mazito kama mtindi, na hayapasuki upesi. Hayo ndiyo mapovu yanayoshika maji.

Tatizo la steariki ni kwamba ukiigeuza sabuni kwa kostiki soda peke yake unapata kitu kigumu kinachoyeyuka kwa shida. Brashi itazunguka juu yake kama inasugua kigae. Hapo ndipo kostiki ya potashi (hidroksidi ya potasiamu) inapohitajika. Sabuni ya potashi ni laini na huyeyuka majini upesi zaidi. Potashi tupu itakupa kitu kilaini kama krimu nzito, na soda tupu itakupa jiwe. Vipimo vya hapa chini vimepangwa ili potashi igeuze asilimia 60 ya mafuta na soda igeuze asilimia 40. Sabuni inayopatikana hubonyea kwa kidole gumba, haimwagiki, na brashi iliyolowa huichukua kwa sekunde chache.

Mafuta ya nazi yamo kwa sababu povu lake huja haraka, na steariki peke yake ni nzito kuamka. Yasizidi asilimia 20 au 25, maana sabuni ya nazi nyingi huacha ngozi inavuta, na ngozi inayopitishwa wembe haihitaji adha nyingine. Shahamu ya ng'ombe hulipa povu mwili na utelezi. Asiyetaka shahamu atumie mafuta ya mawese kwa uzito uleule, maana yanakunywa kostiki karibu sawa kabisa nayo. Mafuta ya nyonyo husaidia sabuni iyeyuke na povu lidumu. Gliserini huwekwa mwishoni, baada ya kupika, ili povu lisikauke upesi.

Udongo wa bentoniti unasifiwa sana kwa kuongeza utelezi. Steariki ikishafika nusu ya mafuta, udongo huo hauhitajiki tena, na unaacha tope kwenye brashi na kati ya nyembe. Uache.

Vipimo

Kila kitu kinapimwa kwa gramu, maji pia. Vikombe na vijiko havifai hapa. Mizani ya dijitali inayosoma gramu 1 inatosha kwa mafuta, ila kwa kostiki tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Asidi ya steariki: gramu 250
Mafuta ya nazi: gramu 100
Shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na kuchujwa: gramu 100
Mafuta ya nyonyo: gramu 50
Kostiki ya potashi yenye usafi wa asilimia 90: gramu 66
Kostiki soda: gramu 28
Maji yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyochujwa vizuri: gramu 200
Gliserini: gramu 25
Mafuta ya kunukia, ukipenda: yasizidi gramu 5

Utapata sabuni kama gramu 750, yaani vikopo sita vya kutumia miezi mingi.

Ni vizuri kujua namba za kostiki zimetoka wapi, kwa sababu siku ukibadilisha mafuta utalazimika kuzikokotoa upya. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha soda kinachoigeuza sabuni. Gramu 1 ya steariki huhitaji gramu 0.141 za soda, nazi 0.183, shahamu 0.143, nyonyo 0.128. Zidisha kwa uzito wa kila moja: 35.25, 18.3, 14.3 na 6.4. Jumla ni gramu 74.25, kama tungetumia soda peke yake na kuyageuza mafuta yote. Hatutaki kuyageuza yote, kwa hiyo tunapunguza asilimia 5 na kubaki na 70.5. Asilimia 40 ya hizo ni gramu 28.2 za soda. Asilimia 60 iliyobaki ni 42.3, na kuigeuza kuwa potashi unazidisha kwa 1.403, unapata 59.4. Potashi ya dukani mara nyingi ina usafi wa asilimia 90 tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ikiwa ni unyevu. Gawanya 59.4 kwa 0.9 upate 66.

Soma lebo ya potashi yako. Ikiwa ni asilimia 85, utahitaji gramu 70. Ikiwa ni asilimia 95, ni gramu 62.5. Hili ni kosa linalowaponza wengi: kutumia kipimo cha mtu mwingine bila kujua potashi yake ilikuwa ya usafi gani. Kosa la pili ni kwenye vikokotoo vya mtandaoni. Unapoandika 60 kwa 40, baadhi yake huchukulia ni sehemu za mafuta yanayogeuzwa, kama tulivyofanya hapa, na vingine huchukulia ni uzito wa kostiki zenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti. Angalia vipimo vyetu: gramu 66 kwa 28 ni karibu 70 kwa 30 kwa uzito.

Steariki ya dukani kwa kawaida si tupu, imechanganyika na asidi ya palmitiki, na mchanganyiko huo hunywa kostiki kidogo zaidi ya hiyo 0.141. Kwa hiyo mafuta yatakayobaki bila kugeuzwa yatazidi kidogo ile asilimia 5. Hilo ni salama kwako. Usijaribu kuongeza mafuta mengine ya ziada kwa nia ya kulainisha ngozi, maana mafuta yaliyozidi ndiyo yanayoua povu.

Jambo moja la mwisho kuhusu kostiki: magadi si kostiki, wala maji ya majivu hayana nguvu unayoweza kuipima kwa mizani. Usibadilishe kimoja kwa kingine.

Vyombo na kinga

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, kubwa kiasi kwamba mafuta yote yasizidi theluthi moja ya kimo chake. Aluminiamu ni marufuku kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Jagi la kuyeyushia kostiki liwe la chuma hichohicho au la plastiki yenye alama ya 5 kitakoni. Glasi iache, kostiki huichimba polepole, na siku moja jagi hupasuka likiwa na maji ya moto ndani. Mwiko wa mbao nao huoza kwa kostiki na kuacha vibanzi kwenye sabuni, kwa hiyo tumia wa silikoni au wa chuma, mgumu usiopinda.

Vaa glavu ndefu, miwani ya kinga inayofunika macho pande zote, na nguo ya mikono mirefu. Fungua madirisha. Watoto na wanyama wasiwepo jikoni. Kostiki ikikurukia kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki juu ya jeraha. Siki na kostiki zikikutana hutoa joto, nawe tayari umeungua. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mfululizo kwa muda huohuo au zaidi, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali mara moja.

Kupika

Sabuni ya kuogea inaweza kuchanganywa ikiwa vuguvugu na kuachwa ijipike yenyewe kwenye chombo cha kuigandishia. Hii haiwezekani, na sababu ni moja. Steariki huyeyuka karibu nyuzi 69 za Selsiasi. Ukishusha joto chini ya hapo inaganda, na kwa kuwa ni asidi tayari, ikikutana na kostiki haisubiri kama mafuta mengine. Hugeuka sabuni papo hapo. Kwa hiyo sabuni hii hupikwa kwa moto tangu mwanzo hadi inapoingia kwenye vikopo.

Weka sufuria ya mafuta ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka polepole. Anza na steariki na shahamu, zikishayeyuka ongeza nazi na nyonyo. Funika, na ulenge nyuzi 80. Mafuta yawe mang'avu kabisa, bila punje hata moja kitakoni. Punje ya steariki isiyoyeyuka itabaki kuwa punje hadi siku unaponyoa.

Wakati mafuta yanapata joto, pima maji kwenye jagi, kisha mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki; huchemka ghafla na kuruka. Anza na soda, ikiisha kuyeyuka weka potashi. Potashi hutoa mlio wa kunguruma inapoingia majini, usishtuke. Maji yatapanda joto sana na kutoa mvuke unaokereketa koo, kwa hiyo geuza uso pembeni. Hapa tofauti na sabuni nyingine, usiyaache yapoe. Unataka maji ya kostiki yakiwa bado ya moto, juu ya nyuzi 65, yakutane na mafuta ya moto.

Sasa mimina maji ya kostiki kwenye mafuta kwa mfululizo mwembamba, ukikoroga kwa mwiko. Kinachotokea hufuatana upesi. Kwanza mafuta yanakuwa meupe kama maziwa. Sekunde chache baadaye unaona madonge yakijikusanya kuzunguka mwiko, na kabla jagi halijaisha sufuria imejaa kitu kama viazi vilivyopondwa vibaya, vikavu juu, vimajimaji chini. Anayekiona mara ya kwanza hudhani ameharibu. Hujaharibu. Hiyo ni steariki imegeuka sabuni mara moja, huku nazi, shahamu na nyonyo bado hazijageuka na zimenaswa katikati ya madonge. Endelea kumimina mpaka kostiki yote iishe, pondaponda madonge kwa mwiko, kisha funika.

Usitie blenda ya mkono humo. Mchanganyiko ni mzito mno na mota itaungua, au kisu kitatupa donge lenye kostiki mbichi usoni pako.

Acha sufuria kwenye maji ya moto, yaliyomo ndani yakiwa kati ya nyuzi 75 na 85, ukifunua kila baada ya dakika 15 ili kukoroga kutoka kitakoni. Katika nusu saa ya kwanza huenda ikavimba na kupanda. Ikoroge ishuke, na kama haishuki itoe kwenye moto kwa dakika moja. Kadiri joto linavyopenya, madonge huyeyukiana. Baada ya saa moja hivi sabuni inakuwa laini, nzito, yenye mng'ao wa nta iliyolainika, na ukiinua mwiko inaning'inia kama ugali laini wenye mvutano. Ikionekana kavu na kukatikakatika, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto, maana mvuke umeondoka na maji mengi. Kwa kawaida saa moja na nusu inatosha.

Kupima kama imeiva

Chota kipande kidogo kama punje ya mahindi, kiache kipoe kabisa. Lowesha kidole, sugua kipande hicho mpaka kitoe utelezi, kisha gusisha kidole kwenye ncha ya ulimi kwa kitambo kidogo. Sabuni iliyoiva ina ladha ya sabuni tu. Sabuni yenye kostiki iliyobaki hupiga ulimi kama betri ndogo. Asiyetaka kutumia ulimi ayeyushe gramu 1 ya sabuni kwenye gramu 99 za maji yaliyokenekwa na kupima kwa karatasi ya pH. Kati ya 9 na 10.5 ni kawaida ya sabuni. Ikisoma 12, bado.

Ikipiga, usikimbilie kuongeza kitu. Ifunike uipike nusu saa nyingine, kisha upime tena. Ikiendelea kupiga baada ya hapo, basi umekosea kupima, au potashi yako ina usafi mkubwa kuliko lebo inavyosema. Yeyusha gramu 10 za steariki pembeni, zichanganye humo vizuri, subiri dakika 10, upime. Gramu 10 hizo hunywa karibu gramu 1.4 za soda, na kwa kuwa steariki hugeuka mara moja hutasubiri sana. Rudia mpaka kupiga kuishe. Sabuni inayoendelea kupiga isiguse uso wa mtu, hata ikikaa mwezi mzima.

Kumalizia na kuweka kwenye vikopo

Imeiva? Itoe kwenye maji ya moto, tia gliserini, koroga mpaka isionekane. Subiri ishuke hadi nyuzi 65 hivi ndipo uweke mafuta ya kunukia. Ukiyaweka mapema harufu huondoka na mvuke, na ukichelewa sabuni inakuwa nzito kiasi kwamba harufu inakaa upande mmoja. Gramu 5 zinaonekana chache ukizoea sabuni za kuogea, lakini sabuni hii inakaa usoni muda mrefu, tena kwenye ngozi iliyotoka kukwanguliwa. Lavenda hukubaliwa na ngozi nyingi. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu yaache kabisa, yanaunguza. Kwa mwenye ngozi inayokasirika haraka, sabuni isiyo na harufu ndiyo bora, wala haipungukiwi kitu.

Vikopo viwe vipana na vifupi, vya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, ili brashi izunguke bila kugonga kingo. Vya aluminiamu visitumike hapa pia. Shindilia sabuni kwa mgongo wa kijiko kilicholoweshwa, na kila ukijaza nusu gonga kikopo juu ya meza mara kadhaa ili hewa itoke. Jaza robo tatu tu, ukiacha nafasi ya povu.

Kesho yake inaweza kutumika. Hata hivyo iache wazi, mahali pakavu penye hewa, kwa wiki mbili hadi nne. Maji yaliyozidi yakiondoka povu huwa zito zaidi, na sabuni haiishi upesi. Ikijivuta kidogo kutoka kingoni ni sawa. Kama hewa ni ya unyevunyevu utaona matone madogo juu yake. Hiyo ni gliserini inayovuta maji kutoka hewani. Futa kwa kitambaa, ufunike kikopo. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni jambo jingine: mafuta uliyotumia yalikuwa yameanza kuchacha. Tupa.

Kabla ya kuinyolea, paka povu upande wa ndani wa mkono, lisuuze baada ya dakika tano, na usubiri siku nzima uone kama kuna muwasho.

Kuamsha povu

Watu wengi walio na sabuni nzuri hulalamika kwamba haitoi povu, na karibu kila mara tatizo ni maji. Sabuni yenye steariki nyingi hunywa maji kuliko unavyodhani.

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na uuache umelowa. Ndevu kavu ni ngumu. Zikikaa na maji dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Brashi ya nywele za mnyama iloweke dakika chache, ya sinthetiki inatosha kuichovya tu. Ikung'ute mara mbili ili isichuruzike, kisha izungushe juu ya sabuni kwa sekunde 30. Usiharakishe hapa. Brashi iliyobeba sabuni kidogo haiwezi kuokolewa na maji wala maneno. Utajua imetosha ncha zikishikamana kwa kitu kizito kama gundi nyeupe.

Peleka brashi usoni au kwenye bakuli, izungushe. Mwanzoni utapata kitu kikavu, cheupe, kisicho na mng'ao. Wengi huishia hapa na kuanza kunyoa, halafu wembe unakwaruza. Chovya ncha tu za brashi kwenye maji, zungusha tena sekunde 15. Povu linalegea kidogo. Chovya tena. Baada ya mara ya tatu au ya nne linaanza kung'aa, mapovu hayaonekani tena kwa jicho, na ukiinua brashi linaacha ncha inayojikunja. Hapo ndipo. Chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, bana, sugua: vidole viteleze kana kwamba kuna mafuta katikati. Vikishikana, ongeza maji. Ukiona mapovu makubwa na povu linachuruzika shingoni, maji yamezidi, rudi kwenye kikopo uchukue sabuni zaidi.

Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hula sabuni na kuigeuza utando wa kijivu. Kama ndiyo uliyo nayo, beba sabuni mara mbili ya kawaida, au weka kando nusu kikombe cha maji ya mvua au yaliyokenekwa kwa ajili ya povu tu. Kusuuza tumia yoyote.

Kunyoa

Acha povu likae dakika mbili. Pitisha wembe kufuata ndevu zinavyoota, na ujue kwamba shingoni mara nyingi haziendi upande mmoja na za shavuni. Papasa kwa vidole siku moja kabla, utazijua. Ukitumia mashine ya wembe mmoja, ishike kwa nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi na uache uzito wake ufanye kazi. Kukandamiza ndiko kunakokata. Mpito mfupi mfupi, suuza wembe, endelea. Pale ulipopita mara moja povu limeondoka, na ngozi haina kinga. Ukitaka kurudia, paka povu tena kwanza, kisha pitisha kwa kukata mkingamo.

Mwenye ndevu za kujikunja aishie hapo. Asinyoe kinyume na zinavyoota, wala asivute ngozi. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujikunja na kuota kwa ndani, na hivyo vipele vya kidevuni na shingoni vinavyorudi kila wiki ndivyo vinavyotokea. Sabuni nzuri hupunguza mkwaruzo, lakini haizuii unywele kujikunja. Kuacha ndevu zibaki zinahisika kidogo kwa kidole ndiyo dawa ya uhakika kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Suuza kwa maji mengi ya baridi mpaka utelezi uishe kabisa, maana sabuni yoyote ya kweli ni ya alkali na ikibaki hukausha ngozi. Futa kwa kubonyeza taulo, bila kusugua.

Brashi isuuze mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, itundike au isimamishe mahali penye hewa. Kikopo kiache wazi mpaka uso wa sabuni ukauke, ndipo ufunike. Ukifunika sabuni ikiwa imelowa kila siku, juu kutakuwa na ute. Zikibaki pembe ndogo zilizoshikilia kingo za kikopo, usizitupe. Zikwangue, zilowe kwa matone machache ya maji ya moto kwa saa moja, kisha zibandike kwa kidole juu ya sabuni ya kikopo kinachofuata. Zitashikana zenyewe.